Gari Kimeo Ulilouziwa Yadi: Jinsi ya Kudai Pesa Zako New York

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, na kila anayeuliza anasikika amechoka. "Kaka, nimenunua gari yadi, wiki ya pili taa ya injini ikawaka. Nimelipeleka, wakalitengeneza, likarudia. Nimelipeleka tena, likarudia. Sasa muuzaji hapokei simu. Nifanyeje?" Wengi wanaouliza ni watu wetu wa Buffalo, Rochester, Syracuse na Utica, wengi wao wametokea Kongo, na karibu wote wanafanya kazi za zamu. Huku theluji ikishaanza, bila gari huna kazi. Kwa hiyo swali hili ni la chakula cha watoto, na nitalijibu kwa urefu.

Wamarekani gari la namna hii huliita limau. Sisi tunaliita kimeo. Jimbo la New York lina sheria ya malimau kwa magari yaliyokwisha kutumika, na imekuwepo tangu 1984. Inamlazimisha muuzaji akupe waranti ya maandishi, alitengeneze gari bure linapoharibika ndani ya waranti hiyo, na akishindwa akurudishie pesa. Ni sheria nzuri. Lakini ukienda kuidai mikono mitupu, bila karatasi, haikufai kitu.

Hilo nilijifunza kwa hasara. Nilinunua gari lenye maili 71,000. Giaboksi ilikuwa inasita kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, halafu gari linaruka mbele kama limesukumwa kwa nyuma. Nilirudi yadi mara tatu. Mara mbili kati ya hizo nilimwachia kijana wa gereji funguo, tukaongea vizuri, jioni nikachukua gari na kushukuru. Siku nilipodai haki yangu, kumbukumbu zao zilionyesha nimefika mara moja tu. Giaboksi niliitengeneza kwa pesa yangu.

Gari lako limo ndani ya sheria?

Angalia haya kabla ya kupoteza muda:

- Umelinunua au kulikodi kwa mkataba wa muda mrefu kutoka kwa muuzaji wa magari wa New York. Aliyeuza magari matatu au zaidi ndani ya miezi 12 iliyopita anahesabiwa muuzaji, hata kama anauzia nyuma ya nyumba yake.
- Bei yake ilikuwa dola 1,500 au zaidi.
- Siku ya kununua lilikuwa na maili zisizozidi 100,000. Kwa waliozoea kilomita, hizo ni kama 160,000.
- Unalitumia zaidi kwa mambo yako na ya familia.

Kama gari lilikuwa halijafikisha maili 18,000 wala miaka miwili tangu litoke dukani likiwa jipya, linaangukia kwenye sheria ya magari mapya, ambayo ni nyingine. Pikipiki hazimo.

Hilo la matumizi lichukue kwa uzito. Wengi wetu tunabeba vyakula au abiria jioni ili kuongeza kipato. Ukilitumia gari zaidi kwa biashara hiyo, muuzaji atasema halikuwa gari la nyumbani, na anaweza kusikilizwa. Kama ni kwa saa chache tu za wikiendi, uwe tayari kuonyesha kwamba siku nyingine zote linakwenda kazini, shuleni na sokoni.

Waranti ni ya siku ngapi?

Inategemea maili zilizosomeka siku uliponunua:

- Zaidi ya 18,000 hadi 36,000: siku 90 au maili 4,000.
- Zaidi ya 36,000 lakini chini ya 80,000: siku 60 au maili 3,000.
- Kuanzia 80,000 hadi 100,000: siku 30 au maili 1,000.

Kinachotangulia kufika ndicho kinachofunga waranti, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Anayeishi Rochester na kufanya kazi kiwandani nje ya mji, maili 25 kwenda na 25 kurudi, anamaliza maili 1,000 katika siku 20 za kazi. Yeye bado anahesabu siku 30, kumbe waranti imeshakwisha. Leo hii chukua mkataba wako, tazama maili ulizoanzia, jumlisha, andika jibu kwenye karatasi na uibandike kwenye dashibodi.

Jambo moja la faraja: siku ambazo gari limelala gereji ya muuzaji kwa matengenezo hazilili waranti yako. Zinaongezwa mwishoni.

Vifaa vinavyolindwa

Sheria ya New York haimlazimishi muuzaji kulinda kila kitu. Inamlazimisha kulinda injini, giaboksi, ekseli zinazosukuma magurudumu, breki, rejeta, usukani, alternata, stata na mfumo wa kuwashia. Pampu ya maji na pampu ya mafuta zinahesabiwa ndani ya injini. Betri haimo. Kiyoyozi, redio, viti, rangi na matairi havimo, labda muuzaji awe amekuandikia mwenyewe kwamba analinda.

Pia tatizo liwe kubwa kiasi cha kuliharibia gari thamani yake, na lisiwe umelisababisha mwenyewe kwa ajali, kwa kutobadilisha oili au kwa kufungafunga vifaa vya ajabu. Tunza risiti za oili. Muuzaji wa gari lililokufa injini huuliza oili kwanza.

"Lakini nilisaini karatasi inayosema AS IS"

Hili ndilo linalowakatisha watu tamaa kuliko yote. AS IS maana yake umelichukua gari kama lilivyo na huna cha kudai. Kwa gari linalotimiza masharti niliyoyataja hapo juu, muuzaji wa New York hana ruhusa kukuuzia hivyo, na saini yako haimpi ruhusa hiyo. Kuikana haki hii kwa mkataba ni batili. Asipokupa karatasi ya waranti kabisa, sheria inachukulia kwamba amekupa.

Usiikubali kauli ya mezani, "Ulisaini, mambo yamekwisha." Mjibu kwa upole kwamba unaomba waranti ya sheria ya magari yaliyotumika, umtajie maili za gari, kisha unyamaze.

Na usichanganye waranti hii na ile bima ya matengenezo waliyokuuzia kwa dola mia kadhaa juu ya bei. Ile ni mkataba wa pembeni. Muuzaji akikwambia upige simu kwa kampuni ya mkataba huo, na waranti ya sheria bado ipo, mwambie unaanza na yeye.

Gari likianza kusumbua

Kazi yote iko hapa, kwa hiyo nenda taratibu.

1. Mwarifu muuzaji siku hiyohiyo, kwa maandishi. Ujumbe wa simu au barua pepe unatosha kuanzia. Andika tarehe, maili zinazosomeka na tatizo. Piga picha dashibodi ikionyesha maili na taa iliyowaka.
2. Usiendelee kuliendesha kama linachemsha au breki hazishiki. Ukiua injini kwa kulazimisha, lawama inahamia kwako.
3. Lipeleke kwake, au mahali atakapokuelekeza. Akikutuma gereji nyingine, akuandikie kwamba amekutuma na kwamba analipa yeye.
4. Kabla ya kuacha funguo, pata karatasi ya kupokelewa. Ukilichukua, pata karatasi ya kazi iliyofanyika.
5. Likirudia, rudi. Tumia maneno yaleyale uliyotumia mwanzo.

Sheria inampa muuzaji nafasi ya kutosha kurekebisha. Nafasi hiyo inahesabika imekwisha akijaribu tatizo lilelile mara tatu na bado lipo, au gari likilala gereji jumla ya siku 15 au zaidi ndani ya waranti. Siku za kusubiri kipuri kisichopatikana anaweza kuzitoa kwenye hesabu ya siku 15, mradi amekitafuta kwa bidii, lakini hawezi kukaa na gari lako bila mwisho. Ukomo ni siku 45 kwa jumla.

Ile karatasi ya gereji, isome kabla ya kuondoka

Niliitwa kumtafsiria mama mmoja wa Uvira ambaye gari lake la familia lilikuwa linazima kwenye taa za barabarani. Alikuwa na karatasi zake tatu kwenye bahasha ya kaki, amezikunja mara nne. Ya kwanza imeandikwa: mteja anasema gari linazima likisimama. Ya pili: angalia mlio. Ya tatu: huduma ya kawaida. Kwa macho ya mtu wa tatu, hayo ni matatizo matatu tofauti, na kila moja limeshughulikiwa mara moja. Mama alikuwa amesema jambo moja mara zote tatu. Aliyeandika ndiye aliyebadilisha.

Tulirudi naye yadi, tukaomba karatasi ya tatu isahihishwe. Walikataa. Tukaandika barua siku hiyo hiyo kueleza alichokisema, tukaituma. Gari likazima tena ndani ya waranti, akalirudisha mara ya nne, na safari hiyo alisimama dirishani mpaka maneno yake yakaandikwa kama alivyoyatamka. Barua ile na karatasi ile ndizo zilizombeba.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka dirishani, hakikisha karatasi ina:

- tarehe gari lilipoingia na tarehe lilipotoka
- maili wakati wa kuingia
- malalamiko yako kwa maneno yako
- walichokikuta na walichokifanya, hata kama ni "hatukuona tatizo"

Wakisema hawakuona tatizo, usiondoke bila karatasi kwa hasira. Hiyo nayo inaonyesha kwamba ulifika. Ushauri wangu ni kupiga video tatizo linapotokea, mwenzako akishika simu, na kuwaonyesha kabla hawajaanza kazi. Gari lina tabia ya kutulia likimwona fundi.

Gereji zilizosajiliwa na jimbo zinatakiwa kukupa ankara ya kazi iliyofanyika. Kwamba hukulipa chochote si sababu ya kuondoka mikono mitupu.

Makosa ninayoyaona kila mara

*Kumpelekea fundi wako.* Nyumbani, gari likisumbua unampigia fundi unayemwamini, anakuja na boksi la spana, mambo yanakwisha chini ya mwembe. Tumekuja na tabia hiyo huku, na inatugharimu. Shemeji akikufungulia giaboksi kwenye maegesho, muuzaji atasema yeye ndiye aliyeiharibu, na ile safari haihesabiki katika zile tatu. Fundi wako mtumie kukwambia ugonjwa ni nini, aandike, lakini asiguse.

*Kuacha kulipa mkopo.* Naelewa hasira ya kulipia gari lililolala. Lakini ukiacha kulipa, kampuni ya mkopo italichukua gari usiku, na utabaki na deni na rekodi mbaya ya mikopo. Endelea kulipa huku unadai. Mikataba mingi ya mkopo unaopitia yadi ina kifungu, kinachotakiwa na kanuni ya shirikisho, kinachokuruhusu kuelekeza madai yako dhidi ya muuzaji hata kwa aliyenunua deni. Huo ni mlango wa kumwonyesha mwanasheria, usiufungue peke yako.

*Kukubali kubadilishiwa gari kwa haraka.* Muuzaji akishindwa, anaweza kukupa gari jingine la bei inayolingana. Una haki ya kulikataa na kudai pesa. Usikubali kulichukua ukiwa umesimama uani kwake. Nenda nalo kwa fundi kwanza.

*Kungoja kwa sababu ya aibu ya lugha.* Watu wanangoja mtoto atoke shule atafsiri, wiki zinapita, waranti inaisha. Tuma ujumbe wa Kiingereza kibovu leo. Sheria haiangalii sarufi.

*Kuamini siku tatu.* Wengi wanaamini wana siku tatu za kurudisha gari. Gari ulilonunua yadini kwa kawaida huna siku hizo hapa New York, isipokuwa muuzaji ameziandika mwenyewe kwenye mkataba.

Barua ya kudai pesa

Majaribio matatu yakipita, au siku 15, andika barua. Kurasa mbili ni nyingi. Iseme:

- ulinunua gari gani, lini, kwa bei gani, likiwa na maili ngapi
- tatizo ni nini, na tarehe za kila safari ya gereji
- unadai urudishiwe pesa chini ya sheria ya New York ya magari yaliyotumika
- unampa siku ngapi kujibu; kumi zinatosha

Itume kwa njia ya posta inayorudisha saini ya mpokeaji, na ubaki na nakala. Ambatisha nakala za karatasi za gereji. Karatasi halisi zisitoke mkononi mwako, hata akiahidi kuzirudisha kesho.

Unachodai ni bei kamili pamoja na kodi ya mauzo. Anachoweza kukata ni uharibifu usio wa uchakavu wa kawaida, kama bampa uliyovunja. Kama gari lina mkopo, sehemu ya pesa itakwenda kwanza kwa aliyekukopesha.

Asipojibu

Una njia mbili: mahakama au usuluhishi unaosimamiwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York. Mimi huwashauri wengi waanze na usuluhishi. Unajaza fomu, ofisi inaikagua kama kesi yako inastahili, unalipa ada, kisha msuluhishi anasikiliza pande zote. Muuzaji hawezi kukataa kushiriki ukishauchagua. Uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 40, na unawafunga wote wawili. Nafasi ya kuupinga mahakamani ni finyu sana. Ndiyo maana usiende ukiwa nusu tayari.

Nenda na karatasi zimepangwa kwa tarehe, video kwenye simu iliyochajiwa, na aliyewahi kuwa ndani ya gari likikwama. Zungumza kwa ufupi. Msuluhishi hahitaji kusikia jinsi muuzaji alivyokudharau, ingawa najua inauma.

Ukienda mahakamani, mkalimani wa Kiswahili ni haki yako na hulipii. Mwombe mapema, siku unayofungua kesi.

"Gari langu lina maili 120,000, basi nimekwisha?"

Hapana, ila njia ni nyembamba zaidi. Sheria ya usalama barabarani ya New York inamtaka muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba gari analokukabidhi liko katika hali ya kutoa huduma salama na ya kuridhisha barabarani siku hiyo. Hii haina kikomo cha maili. Kama breki zilikuwa zimekufa siku uliyolichukua, unaweza kulalamika idara ya magari ya jimbo au kufungua madai madogo mahakamani: hadi dola 10,000 katika jiji la New York, hadi 5,000 katika mahakama za miji kama Buffalo na Rochester. Mpelekee fundi mara moja aandike hali aliyoikuta. Baada ya miezi mitatu ni vigumu kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwepo tangu mwanzo.

Kama ulinunua kwa mtu binafsi mliyeonana mtandaoni, sheria ya malimau haikusaidii. Chunguza kwanza kama kweli ni mtu binafsi. Anayeuza gari la nne mwaka huu, na kadi za magari hazina jina lake, ni muuzaji aliyejificha.

Walio majimbo mengine

Majimbo mengi ya Marekani yana sheria ya malimau kwa magari mapya tu. Machache yanalinda yaliyotumika:

- Massachusetts: gari la dola 700 au zaidi, chini ya maili 125,000. Majaribio matatu, au zaidi ya siku 10 za kazi gereji. Pia gari likianguka ukaguzi wa jimbo ndani ya siku saba, na matengenezo yakizidi asilimia 10 ya bei, unaweza kuvunja mauziano.
- New Jersey: gari la dola 3,000 au zaidi, lisilozidi maili 100,000 wala miaka saba.
- Minnesota: waranti fupi, na gari lenye zaidi ya maili 75,000 halina kitu.

Popote ulipo, karibu kila yadi lazima ibandike dirishani karatasi ya mwongozo wa mnunuzi inayoeleza kama gari lina waranti. Ni kanuni ya shirikisho. Ipige picha kabla ya kusaini chochote. Kilichoandikwa hapo ni sehemu ya mkataba.

Siku ya kulirudisha

Ukishinda, usimkabidhi funguo kabla ya kuona hundi au barua ya kampuni ya mkopo kwamba deni limefutwa. Toa kiti cha mtoto, nyaraka, na kifaa cha kulipia barabara kilichobandikwa kiooni. Ondoa pleti zako mbili na uzipeleke idara ya magari, upewe risiti. Ndipo usitishe bima. Ukisitisha bima kabla ya kurudisha pleti, jimbo linasimamisha usajili wako, na usumbufu huo utakufuata mpaka kwenye gari lijalo.